Bleidi ya mbele kwa trekta kuukuu ya bustani: shajara ya mradi, Njoro

Mradi ni huu: trekta ndogo ya bustani ya miaka ya 1960 ifungwe bleidi ya mbele. Kazi yake ni kutandaza murram (udongo wa changarawe wa barabara) kwenye njia ya mita 300 kutoka lango hadi banda la ng'ombe, kuondoa tope baada ya mvua, na kukusanya samadi uani. Trekta ni Cub Cadet ya International Harvester. Injini ni Kohler K301 ya silinda moja, ujazo wa sentimita za ujazo 476, nguvu za farasi 12. Ina gia tatu, nguvu hupitia shafti wala si mkanda, na ganda la ekseli ya nyuma ni chuma cha kusubu. Hilo ganda ndilo lililofanya mradi ukubalike. Trekta ya mkanda isingefaa, kwa sababu bleidi ikijaa mkanda huteleza na kuungua.

Marekani na Kanada trekta za aina hii hufungwa bleidi za theluji, nyingi za upana wa inchi 42 hadi 54, na mchoro wetu ulianzia hapo. Tofauti iko kwenye uzito. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka leo haizidi kilo 100 hivi, na murram iliyomwagwa na lori ni kama kilo 1,600. Bleidi ya theluji inaweza kuwa na uso wa milimita 2 na springi laini ikadumu miaka. Kwenye murram itakunjika siku ya kwanza.

Kingine ni mwinuko. Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (feni ya kuisukumia hewa) hupoteza asilimia 3.5 hivi ya nguvu kwa kila mita 300. Farasi 12 za kiwandani hapa ni kama 9. Hesabu zote zimefanywa kwa farasi 9.

Siku ya 1: vipimo

Matairi ya nyuma ni 23x8.50-12, na upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa jingine ni milimita 965. Bleidi ikigeuzwa nyuzi 30, upana wake wa kazi hupungua hadi asilimia 87 ya upana kamili. Bleidi ya milimita 1,100 ingebaki 953, na tairi lingepanda juu ya murram ambayo haijasukumwa. Tumechukua 1,200, ambayo kwenye nyuzi 30 hubaki 1,039. Kila upande una ziada ya milimita 37. Ni kidogo, lakini inatosha. Kwa farasi 9, upana zaidi ya huo ni kujitafutia matatizo.

Rundo ambalo bleidi ya upana huu hubeba ikijaa ni kama mita za ujazo 0.09, yaani toroli moja na nusu, kilo 150 hivi. Kulisukuma rundo hilo kwahitaji nguvu ya kilo 90 kwa msuguano peke yake, kabla makali hayajakwaruza chochote. Mshiko wa trekta ulihesabiwa hivi: ikiwa na dereva, ekseli ya nyuma hubeba kilo 250. Tairi kwenye murram kavu hushika kama asilimia 55 ya uzito ulio juu yake, kwa hiyo ni kilo 137. Nambari hiyo 137 itarudi siku ya 7.

Siku ya 2: mikono ya kusukuma

Hapa ndipo bleidi nyingi za kujitengenezea huharibikia. Fundi anaona trekta, anaona fremu ya mbele, anatoboa matundu manne na kufunga bleidi pale pale. Inapendeza kwa wiki moja. Ekseli ya mbele ya trekta ya bustani imeshikwa na pini moja katikati ili iweze kuyumba, na fremu ya mbele ilikusudiwa kubeba injini tu. Bleidi ikigonga jiwe, fremu hupinda nyuma ya injini, shafti inakaa upande, na klachi huanza kutetemeka. Kunyoosha fremu hiyo ni kung'oa injini.

Nguvu inatoka kwenye matairi ya nyuma, kwa hiyo mzigo urudishwe huko huko. Tumetumia mabomba mawili ya mraba ya 50x50x4, kila moja urefu wa milimita 1,350, yakipita chini ya tumbo la trekta kutoka kwenye ganda la ekseli ya nyuma hadi mbele ya magurudumu ya mbele. Nafasi kati yao ni milimita 380. Ilipimwa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia, kisha kushoto, kwa sababu gurudumu la mbele likigeuka huingia ndani kuliko unavyodhani. Fremu ya mbele imebaki na kazi ya kuelekeza tu: mabamba mawili ya pembeni yanayozuia mikono isiyumbe.

Urefu wa pini ya nyuma kutoka ardhini una maana kubwa. Ukinzani wa udongo hukaa chini kabisa, kwenye makali, na hurudi nyuma. Pini ikiwa juu, ukinzani huo huigeuza mikono na kuididimiza bleidi. Kutoka pini hadi makali ni mita 1.5. Pini ikiwa sentimita 30 juu ya ardhi, kila kilo 100 za ukinzani huongeza kilo 20 za kujichimbia. Ikiwa sentimita 18, ni kilo 12. Tumeweka 18. Chini ya hapo pini ingegonga mawe ya katikati ya njia.

Pini ni za milimita 20. Tundu la pini halikuachwa kwenye ukuta wa bomba wa milimita 4, maana litakuwa yai kabla ya mvua za masika kwisha. Kila mwisho umechomelewa bushi nene ya urefu wa milimita 60, yenye nipeli ya grisi.

Kabla ya kuchomelea chochote kwenye trekta, betri ilitolewa waya zote mbili. Trekta hii ina stata inayofanya pia kazi ya jenereta, na regyuleta yake ya kizamani haipendi umeme wa welding. Klampu ya ardhi huwekwa sentimita chache kutoka mahali pa kuchomelea. Ukiiweka mbali, umeme utapita ndani ya beringi za ekseli na kuacha vidonda kwenye gololi.

Siku ya 3 na 4: uso wa bleidi

Pleti ya milimita 4 ilinunuliwa kama kipande kwa mwenye chuma chakavu mjini Nakuru. Pleti nzima ya futi 8 kwa 4 ina kilo 93, na hapa inahitajika chini ya theluthi moja. Pipa la mafuta lililokatwa, ambalo wengi hulikimbilia kwa sababu tayari limepinda, ni bati la milimita moja na ushei. Ni jepesi mno hata kwa samadi. Mtungi wa gesi una unene mzuri na mpindo mzuri, lakini usiuguse. Gesi iliyobaki huua fundi.

Pleti ilikatwa milimita 1,200 kwa 500 na kupelekwa kwenye mashine ya roli tatu ikunjwe kwa nusu kipenyo cha milimita 380. Mashine ya roli tatu haikunji ncha. Huacha kama milimita 50 bapa kila upande. Ncha ya juu ilikatwa ikatupwa, ndiyo maana tulianza na 500 badala ya 450. Ncha ya chini ilibaki makusudi, kwa kuwa makali hukaa vizuri kwenye sehemu bapa. Upinde uliopatikana una kina cha milimita 60 hivi katikati.

Mpindo wenyewe una kazi. Udongo ukipanda kwenye uso uliopinda hujikunja na kuanguka mbele, halafu unaviringika. Kwenye pleti iliyonyooka hupanda hadi juu na kumwagikia nyuma, kwenye springi na pini.

Mgongoni ziliwekwa mbavu tano za pleti ya milimita 6, bomba moja la mraba la 50x50x4 linalolala kutoka ubavu hadi ubavu, na chini chuma bapa cha 75x8 cha kushikilia makali. Elektrodi ni za milimita 3.2, ampea 110 hadi 120. Kwenye pleti ya milimita 4 tulishuka hadi elektrodi ya 2.5 na ampea 80.

Kosa la siku ya 4: mbavu mbili za kwanza zilichomelewa mfululizo kutoka juu hadi chini. Pleti ilipopoa, uso ulikuwa umepinda milimita 9 katikati, ukipimwa kwa uzi kutoka ncha hadi ncha. Chuma kilichoyeyuka hunywea kikipoa, na kwa kuwa welding yote iko mgongoni, uso hauna budi kufuata. Marekebisho yalichukua muda kuliko kazi yenyewe. Welding hizo zilikatwa kwa gurinda, pleti ikabanwa juu ya chuma kizito cha pembe huku katikati ikisukumwa na jeki milimita 5 kupita mstari, kisha ikachomelewa upya vipande vya milimita 50, nafasi ya 100, kikibadilishwa upande kila kipande. Baada ya kupoa ilibaki milimita 1.5, na hiyo makali yenyewe yataivuta yakifungwa.

Siku ya 5: makali

Makali yametoka kwenye bleidi ya greda iliyochakaa. Greda za kaunti zinapotengeneza barabara, bleidi zake hutupwa zikiwa zimebaki sentimita 7 hadi 9, na kwenye vyuma chakavu hupatikana kwa bei ya kilo. Kipande chetu kina unene wa milimita 16 na upana wa 85. Kina matundu ya mraba tayari, umbali wa milimita 152 kutoka moja hadi jingine, kwa bolti za inchi 5/8 zenye shingo ya mraba na kichwa kinachozama. Kwenye milimita 1,200 yaliingia matundu nane.

Chuma hiki kina kaboni nyingi. Usijaribu kukitoboa, maana biti ya kawaida huungua kabla haijaingia milimita mbili. Toboa pleti ya bleidi kufuata matundu yaliyopo. Wala usikichomelee moja kwa moja. Bila kukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe polepole, mstari wa pembeni mwa welding huwa mgumu kama kioo na hupasuka kwa pigo la kwanza. Isitoshe, makali ni kitu cha kubadilishwa. Upande mmoja ukiisha unageuza, na pande zote zikiisha unafungua nati nane na kuweka kingine.

Springi za lori, zile pleti za mgongo, ni mbadala unaotumika sana. Tuliziacha kwa sababu zimepinda na hazina matundu. Kuzinyoosha na kuzitoboa lazima uzilainishe kwa moto, na zikishalainika zinaisha haraka.

Pembe ya makali na ardhi iliwekwa nyuzi 57. Ukiisimamisha karibu na 75 kama zilivyo baadhi za theluji, inaparuza juu ya tope lililokauka bila kuliinua. Ukiilaza hadi 45 inachimba kama jembe, na trekta hii si ya kuchimba.

Siku ya 6: kugeuza kulia na kushoto

Sahani ya nusu duara ya pleti ya milimita 10, nusu kipenyo 250, yenye matundu matano: katikati, nyuzi 15 na nyuzi 30 kila upande. Pini ya kufunga ni ya milimita 16, yenye springi yake. Bolti ya milimita 12 ilijaribiwa na kung'olewa siku hiyo hiyo. Bleidi ikiwa nyuzi 30 na ncha ikagonga kisiki, nguvu hufika kwenye pini ikiwa imezidishwa zaidi ya mara mbili, maana ncha iko milimita 600 kutoka katikati na pini iko 220 tu.

Siku ya 7: kufyatuka

Bleidi isiyofyatuka ni hatari kwa trekta na kwa dereva. Trekta yenye dereva ina uzito wa kilo 400 hivi. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikigonga jiwe lililozikwa huku bleidi ikiwa imefungwa kigumu, kitu lazima kivunjike: welding, pini, au mkono wa dereva juu ya usukani. Kwa hiyo bleidi inashikwa chini na pini mbili, milimita 110 juu ya ncha ya makali, na juu inashikwa na springi. Makali yakigonga, sehemu ya chini inarudi nyuma, ya juu inainamia mbele, bleidi inapita juu ya jiwe, na springi inairudisha. Ni kama mtego: haufyatuki kwa panya kunusa, unafyatuka kwa kuvuta.

Springi zilizotumika ni mbili za shokabu za nyuma za pikipiki za bodaboda. Zinapatikana kila kituo, ni imara, na zinauzwa hata zilizotumika. Zinafanya kazi kwa kubanwa, si kwa kuvutwa, kwa hiyo kila moja imevishwa kwenye fimbo yenye nyuzi ya milimita 16. Mbele fimbo imeshikwa na sikio mgongoni mwa bleidi, milimita 250 juu ya pini. Nyuma inapita kwenye bamba la fremu, kisha springi, washa nene na nati mbili. Bleidi ikiinamia mbele, fimbo inavutwa na springi inabanwa dhidi ya bamba.

Kupima ugumu wa springi hakuhitaji maabara. Springi ilisimamishwa kwenye fimbo, mfuko wa saruji wa kilo 50 ukawekwa juu, na rula ikasoma kushuka kwa milimita 28. Yaani kilo 1.79 kwa kila milimita. Zote mbili zilipimwa. Ya kwanza tuliyokuwa tumeokota ilishuka 35, ikarudishwa. Springi zisizolingana huifanya bleidi ijipinde inapofyatuka.

Sasa hesabu. Nati zikikazwa hadi springi ibanwe milimita 16, kila moja hushika kilo 28.6, na mbili ni 57. Mkono wa springi ni 250 na wa makali ni 110, uwiano ni 2.27. Kwa hiyo makali hufyatuka yakipata kilo 130. Mshiko wa matairi ni 137. Mpangilio unaotakiwa ni nambari hizo mbili kukaribiana. Springi ikiwa laini sana, bleidi inafyatuka kila ikikutana na tope gumu na kuacha njia ina mabonde. Ikiwa ngumu kupita kiasi, matairi yatateleza daima kabla bleidi haijafyatuka, na pigo la jiwe litamalizikia kwenye bushi.

Bleidi inazuiwa isifyatuke zaidi ya nyuzi 20. Hapo fimbo huwa imesafiri milimita 85, na springi bado ina nafasi. Ukiruhusu nyuzi 30, safari inakuwa 125, na springi hizi hugongana mizunguko kabla ya hapo. Ikigongana, ni kama hujaweka springi.

Jambo moja lilitushika hadi jioni. Pini iko nyuma kidogo ya makali. Kwa hiyo bleidi inapoanza kufyatuka, ncha haiinuki mara moja. Hurudi nyuma na kushuka kwanza, na kwa kuwa ardhi haipishi, fremu nzima ndiyo inayopanda. Kama fremu imeshikwa na chuma kigumu kutoka juu, haina pa kwenda, na pigo linaingia kwenye wenzo wa kuinulia. Ndiyo sababu ya kuinua kwa mnyororo, unaovuta tu bila kusukuma.

Siku ya 8: kuinua

Bleidi pamoja na mikono ina kilo 74. Mizani ya kuning'iniza kwenye mnyororo ilisoma 82, kwa sababu bleidi iko mbele ya mahali mnyororo unapofungwa. Wenzo wa awali wa trekta, uliokuwa wa kuinua mashine ya kukatia nyasi, una uwiano wa tano kwa moja: kilo 16 mkononi, mara mia kwa siku. Uliongezwa kwa bomba hadi uwiano wa sita na nusu, ikabaki karibu kilo 13. Bleidi hupanda milimita 150, ambayo inatosha kuvuka kizingiti cha banda.

Usiingize mkono wala mguu chini ya bleidi iliyoinuliwa na mnyororo peke yake. Weka gogo. Meno ya wenzo huu ni ya miaka sitini iliyopita.

Siku ya 9: jaribio la kwanza, na uzani wa nyuma

Uani, kwenye samadi mbichi juu ya saruji, matairi ya nyuma yalizunguka tu. Mshiko kwenye saruji yenye utelezi ni mdogo mno. Yalifanyika mambo mawili. Matairi yalitiwa maji hadi robo tatu, yaani lita 25 hivi kila moja. Huku hakuna baridi ya kugandisha, maji matupu yanatosha. Wenye theluji hulazimika kuchanganya chumvi au dawa. Kisha mitungi miwili ya plastiki ya lita 20 ilijazwa zege, kila mmoja ukawa na kilo 46, na kufungwa nyuma ya ekseli kwenye kiunzi cha chuma cha pembe. Ikiwa nyuma ya ekseli, huongeza mzigo wa matairi kuliko uzito wake, maana hupunguza ule wa mbele.

Kwa mitungi peke yake ekseli ya nyuma ilifika kilo 360, na mshiko kwenye murram ukawa 198. Springi za siku ya 7 sasa zilikuwa laini, na kweli bleidi ilianza kufyatuka kwenye ganda la tope kavu bila jiwe lolote. Nati zilikazwa kutoka 16 hadi 25. Kilo 44.6 kwa kila springi, 203 kwenye makali. Ukiongeza uzani nyuma bila kugusa springi, utailaumu bleidi bure. Maji ya matairi hatukuyaingiza kwenye hesabu ya springi makusudi. Yakiwemo, matairi huteleza baada ya bleidi kufyatuka, si kabla, na kwa gari lisilo na kinga ya dereva ni heri iwe hivyo.

Kwa saruji ya uani, makali ya chuma huacha michirizi na hukwama kwenye kila kiungo. Ukanda wa mpira ulikatwa kwenye tairi la trekta kubwa, upana wa milimita 120, ukafungwa kwa bolti zilezile mbele ya makali na kushuka milimita 25 chini yake. Chagua tairi la nailoni. Tairi la waya litakwaruza saruji na kuchoma kwato.

Siku ya 12: murram

Malori yalimwaga marundo kila mita 8. Viatu vya kuteleza, vilivyokatwa kwenye sahani kuukuu ya plau, viliwekwa ili makali yakae milimita 15 juu ya ardhi. Bila viatu, bleidi hukwangua murram mpya pamoja na udongo wa volkano ulio chini, na udongo huo ukichanganyika na murram hugeuka vumbi Januari na uji Aprili.

Rundo halivamiwi katikati. Linaliwa pembeni, robo ya upana wa bleidi kila safari, gia ya kwanza, injini karibu na mwisho wa kasi yake. Bleidi ikiwa nyuzi 30, murram hujikunja kutoka ncha ya mbele, inaviringika kama kamba nene iliyosukwa, na kuachwa upande wa pili ikiwa tuta la kimo cha goti. Ukiona kamba hiyo imekatika na murram inasukumwa kama ukuta, bleidi imejaa. Inua vidole viwili. Aliyesimama mbele kuangalia viatu alikuwa na neno moja tu kwa dereva: "Mzee, inua kidogo." Kidogo hicho ni milimita 20 kwenye bleidi, jino moja kwenye wenzo.

Njia ni ya mita 3. Katikati iliinuliwa milimita 70 kuliko kingo, ambayo ni mteremko wa asilimia 4.7 kila upande. Ilipimwa kila mita 10 kwa ubao wa mita moja na nusu na pima maji: ukiweka kipande cha milimita 70 chini ya ncha ya nje na povu likatulia katikati, umefika. Chini ya asilimia 4 maji hukaa kwenye nyayo za magurudumu. Zaidi ya 6 mkokoteni wa maziwa huteleza kando.

Kwa walio Ahero na nyanda za Kano, ambako udongo ni mweusi wa pamba: bleidi hii hii itafanya kazi, lakini si siku ya mvua. Udongo ule hushika uso kama ugali kwenye sufuria na bleidi inakuwa gogo. Subiri hadi donge livunjike mkononi bila kupaka vidole. Ukwangue uso kwa gurinda hadi ung'ae, na usiupake rangi. Rangi mpya hushikwa na tope zaidi kuliko chuma kilichong'arishwa.

Injini na vumbi

K301 haina pampu ya oili. Kijiko kidogo chini ya koni-rodi (mkono wa pistoni) huchota oili na kuirusha. Oili yake ya lita 1.9 ikipungua nusu lita, koni-rodi huvunjika na kutoboa bloku. Oili ya SAE 30 hukaguliwa kabla ya kila kazi, trekta ikiwa mahali tambarare, si baada ya kazi. Kifuniko cha feni kifunguliwe kila baada ya siku chache za murram, maana vumbi la Nakuru huziba mapezi ya silinda upande usioonekana. Skrubu ya mafuta ya kabureta ilifungwa robo zamu hadi moshi mweusi ukaisha. Ilikuwa imewekwa kwa hewa nzito ya nyanda za chini.

Baada ya saa 20 za kazi

Makali yameisha milimita 3 upande wa kulia na 1 kushoto, kwa kuwa njia ilisukumwa zaidi upande mmoja. Yatageuzwa yakifika 15. Bushi za nyuma hazijalegea. Sikio moja la fimbo ya springi limepata ufa kwenye mguu wa welding. Lilikuwa pleti ya milimita 6, na sasa yote mawili yamebadilishwa kuwa ya 10, yenye pembetatu ndogo ya kuegemeza. Samadi imeanza kula rangi kwenye mbavu za mgongo ambako maji hutuama. Zimetobolewa matundu ya milimita 12 chini ya kila ubavu, na bleidi huoshwa kabla ya kulala. Nati za springi zilipimwa tena: kushoto 25, kulia 23. Nati ya pili haikuwa imekazwa vya kutosha juu ya ya kwanza. Imerudishwa 25 na kupigwa alama ya rangi nyeupe kwenye fimbo.